Sikio au Karatasi: Namna ya Kuchagua Spika na Sabufa za Sinema ya Nyumbani

Anayeingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Darajani au Mlandege, mjini Unguja, kutafuta spika za kutazamia filamu na mpira nyumbani hukutana na mashauri mawili yasiyopatana. Muuzaji humwambia asikilize mwenyewe, kwani sikio halidanganywi; kisha hubonyeza rimoti, boksi likatetemesha vioo vya kabati, na mjadala ukawa umekwisha. Rafiki aliyeyasoma mambo haya mtandaoni humwambia kinyume chake: asisikilize chochote, atazame grafu na takwimu, kwani sikio ni jepesi wa kupotoshwa. Mnunuzi hubaki katikati na fedha zake mkononi, na mara nyingi huishia kuchukua boksi lenye namba kubwa kuliko yote.

Mashauri yote mawili yana ukweli, ila kila moja hutumiwa mahali pasipokuwa pake. Vipimo vinajua mengi kuhusu spika, tena vinaijua kuliko sikio la mtu aliyesimama dukani kwa dakika kumi. Lakini zikifika zile sauti nzito za chini, yaani besi, si duka wala kiwanda kinachoweza kukwambia utakachosikia, kwa sababu sauti hizo huamuliwa na sebule yako zaidi kuliko na boksi lenyewe. Spika na sabufa, kwa hiyo, hazifai kuchaguliwa kwa njia moja.

Tuanze na istilahi chache. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na idadi ya mitikisiko katika sekunde moja, yaani masafa yake, huhesabiwa kwa hezi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi hezi 20,000, na kadiri umri unavyosonga mpaka ule wa juu huteremka. Ili namba hizi zipate sura, kikumbukwe kikundi cha taarab asilia: uzi mzito kabisa wa lile besi kubwa linalopigwa kwa kusimamishwa hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, sauti ya mwimbaji hukaa zaidi katika mamia ya hezi, na mng'ao wa nyuzi za ala ya kanuni pamoja na mkwaruzo wa upinde wa fidla hupanda hadi maelfu mengi. Filamu hushuka chini ya besi hilo. Ngurumo au mlipuko huweza kufika hezi 20, mahali ambapo mtu huhisi kifuani zaidi ya anavyosikia masikioni.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakipandi kwa hesabu ya kawaida ya kujumlisha. Kuongeza desibeli 3 kunataka nguvu ya umeme mara mbili. Kuongeza desibeli 10, ongezeko ambalo sikio hulihesabu takriban kama sauti kuwa kubwa mara mbili, kunataka nguvu mara kumi. Msomaji akilishika hili moja tu, nusu ya maneno ya madukani yatakuwa yamejijibu yenyewe.

Spika za kawaida hubeba mazungumzo, muziki na sauti za mazingira. Sabufa, katika makala hii, ni boksi moja maalumu la sauti za chini, si seti nzima ya boksi na vispika vyake inayouzwa kwa jina hilo hilo. Mfumo unaoandikwa 5.1 una spika tano, yaani kushoto, katikati, kulia na mbili za ubavuni au nyuma, pamoja na njia ya sita ya athari za chini ambayo huishia hezi 120. Resiva, yaani amplifaya inayogawa sauti hizo, huweza pia kuagizwa ichukue sauti zote zilizo chini ya hezi 80 kutoka katika spika tano na kuzipeleka kwenye sabufa. Mpaka wa hezi 80 umezoeleka kwa sababu chini yake sikio halitambui vizuri sauti inatoka upande gani, na sabufa iliyosukumwa pembeni ya kabati haijitangazi.

Wati zisizokuwepo

Kabla ya kuvijadili vipimo vya kweli, viondolewe vya uongo. Maboksi mengi huandikwa PMPO, yaani eti kilele cha nguvu ya muziki, na mbele yake wati elfu kadhaa. Hakuna kiwango kinachokubalika kinachoeleza namba hiyo hupatikana vipi; kila mtengenezaji huandika apendavyo. Mnunuzi aligeuze boksi asome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Mara nyingi atakuta kimeandikwa volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 60. Kifaa hakiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu inayozidi ile kinayoivuta ukutani, na katika hizo wati 60 sehemu moja inapotea na kuwa joto. Kwa amplifaya kubwa hesabu hii ina vighairi vyake, kwa kuwa kibandiko chake huenda kimeandikwa kwa matumizi ya wastani, lakini kwa seti ndogo za mezani haikosei sana. Udanganyifu wa wati haukuanza leo wala haukuanzia huku: Marekani ililazimika kutunga kanuni mwaka 1974 ya kueleza nguvu ya amplifaya za nyumbani itangazwe vipi.

Hata wati za kweli hazisemi mengi kuhusu spika. Wati 100 zilizoandikwa nyuma ya spika isiyokuwa na amplifaya ndani yake ni mzigo inaoweza kuustahimili, si sauti inayoitoa. Namba yenye faida ni ile inayoeleza spika hutoa desibeli ngapi ikipewa wati 1 na kusikilizwa kutoka mita 1. Yenye desibeli 90 na yenye desibeli 87 huonekana kama zinakaribiana, ilhali ya pili itadai amplifaya yenye nguvu mara mbili ili zilingane. Kwa nyumba inayotegemea betri na sola pale umeme unapokatika, tofauti hiyo inaonekana haraka.

Sikio linalosikiliza pamoja na macho

Hoja ya kwamba sikio ndilo hakimu wa mwisho haina ubishi, kwa kuwa spika hununuliwa zisikilizwe. Tatizo liko katika namna ya kusikiliza. Spika mbili zikilinganishwa na moja ikawa juu kidogo, hata kwa desibeli 1 hivi, msikilizaji hasemi kwamba hii ina sauti kubwa. Husema ni safi zaidi, ina uhai zaidi. Wauzaji wazoefu wanalijua jambo hilo. Kumbukumbu ya sauti nayo ni fupi mno, kwani undani wake hufifia ndani ya sekunde chache, na anayesikiliza spika moja Mlandege asubuhi na nyingine Mwanakwerekwe jioni hulinganisha hisia alizobaki nazo, basi.

Aliyelifanyia kazi suala hili kwa muda mrefu ni Floyd Toole, mwanasayansi aliyeanza mwaka 1965 katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, mjini Ottawa, kisha akahamia kampuni ya Harman ya Marekani mwaka 1991. Njia yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza: wasikilizaji waliketi mbele ya pazia linalopitisha sauti na kuzuia macho, spika zikasawazishwa ukubwa wa sauti, nao wakatoa alama bila kujua ipi ni ipi. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha watu spika zile zile kwa namna mbili, pazia likiwapo na pazia likiwa limeondolewa. Zilipoonekana, alama zilihama. Spika kubwa zenye sura ya gharama zilipanda, na seti ndogo ya bei nafuu iliyokuwa imefanya vizuri nyuma ya pazia ikashuka. Waliopotoshwa na macho yao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika. Mnunuzi wa kawaida asione haya.

Kuna nusu ya pili ya kazi hiyo ambayo wapenzi wa grafu wenyewe huisahau. Nyuma ya pazia watu hawakutofautiana kama tunavyodhani. Waliofunzwa kusikiliza na wasiofunzwa walizipendelea kwa jumla spika zile zile, isipokuwa waliofunzwa walikuwa na msimamo zaidi katika alama zao na wakazipambanua kwa ukali zaidi. Zaidi ya hapo, spika zilizopendwa zilikuwa na vipimo vinavyofanana. Mwaka 2004 Olive alionyesha kwamba kwa kutumia vipimo peke yake angeweza kukadiria alama ambazo wasikilizaji wangezipa spika 70, na ukaribu wa makadirio na alama halisi ulikuwa 0.86, ambapo 1 ni kulingana kikamilifu. Grafu inayofaa kutazamwa leo imetokana na masikio mengi yaliyosikiliza bila kuona. Kwa hiyo anayesema "mimi naliamini sikio" na anayesema "mimi naamini vipimo" wanategemea chanzo kimoja, ila wa kwanza analitegemea sikio moja siku ya kununua, tena lililokwisha kuambiwa bei.

Grafu husomwa vipi

Kipimo kizuri cha spika hakichukuliwi mbele yake tu. Kiwango cha Marekani kinachoitwa CTA-2034 hudai spika izungushwe na kupimwa kila baada ya digrii 10, kwa upana na kwa wima, mpaka zipatikane sehemu 70. Msomaji hana haja ya kuzielewa zote. Mistari miwili inamtosha. Mstari wa kwanza ni wa sauti inayokwenda mbele moja kwa moja. Huo unatakiwa uwe karibu na tambarare, usipande wala kushuka kwa zaidi ya desibeli 2 au 3 katika sehemu kubwa ya masafa, maana mlima katika hezi 3,000 utafanya kila mtangazaji wa mpira asikike anafoka, na bonde katika eneo hilo litafanya mazungumzo ya filamu yazame ndani ya muziki.

Mstari wa pili ni wa sauti inayokwenda pembeni, na ndio unaopuuzwa zaidi ingawa kwa nyumba zetu una uzito mkubwa. Sebule nyingi za Unguja na Pemba zina sakafu ya vigae, kuta za plasta, madirisha ya vioo na mapazia mepesi. Katika chumba cha namna hiyo sehemu kubwa ya sauti inayokufikia haikutoka kwa spika moja kwa moja. Imegonga ukuta, dari na sakafu kwanza. Sauti ya pembeni inatakiwa ipungue polepole na kwa ulaini kadiri masafa yanavyopanda, bila vinundu. Yenye vinundu humpa aliyekaa katikati ya kochi sauti moja na aliyekaa mwisho wake sauti nyingine, na hilo hutajiwi na mtu dukani, kwa sababu dukani mnasimama nyote mbele ya spika.

Jihadhari na sentensi moja iliyojaa kwenye maboksi: "hezi 20 hadi 20,000". Bila ya kutajwa kupanda na kushuka kwa desibeli ngapi, maneno hayo hayana maana yoyote, kwa sababu hata spika ya simu hutoa kitu fulani katika hezi 20, ila ni kidogo mno hakisikiki. Ikiandikwa "hezi 55 hadi 20,000, desibeli 3 juu au chini", hapo mtu amesema jambo analoweza kuulizwa.

Spika nyingi zinazofika visiwani hazina vipimo vilivyochapishwa na mtu asiyeziuza. Hapo sikio litarudi kazini, lakini lipewe masharti. Omba upigiwe spika moja tu, si mbili, kwa kuwa utafiti wa Toole ulionyesha pia kwamba spika ikiwa peke yake hudhihirisha kasoro zake zaidi. Tumia sauti ya mtu unayoijua, usomaji wa Qur'an, taarab au taarifa ya habari, kabla ya kitu chochote chenye mdundo. Sawazisha ukubwa wa sauti kwa programu ya simu, ambayo kwa kazi hii ya kulinganisha inafaa. Mwombe mwenzako abadilishe wakati wewe umegeukia mlango. Muuzaji atakushangaa kidogo, mwache ashangae. Kisha tembea kutoka upande mmoja wa spika hadi mwingine huku sauti ikiendelea, uone kama mwimbaji anabadilika.

Besi hupigwa na sebule

Katika hesabu ile ya Olive, besi peke yake ilichukua takriban asilimia 30 ya alama. Ni sehemu kubwa kuliko watu wengi wanavyotarajia, na ndiyo ambayo karatasi ya kiwandani inaijua kidogo zaidi.

Sababu yake ni urefu wa mawimbi. Katika joto letu sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 35, na chumba kwalo ni uwanja. Wimbi la hezi 50 lina mita 7, na la hezi 25 lina mita 14. Haya hayawezi kutembea chumbani, yanakijaza. Mtu aliyebeba beseni la maji akatembea nalo anayajua haya bila kufundishwa: kwa mwendo fulani maji huanza kupanda na kushuka kwenye kingo mbili, huku katikati yakiwa yametulia, na akiongeza au kupunguza mwendo ghasia hiyo inapoa. Chumba nacho kina miendo yake. Masafa ambayo nusu ya wimbi lake inalingana na urefu wa chumba hujazana kwenye kuta mbili na kupotea katikati.

Tuchukue chumba cha mfano cha nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, upana wa mita 3, urefu wa mita 7 na kimo cha mita 3.5. Vyumba hivyo ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari zina ukomo wake. Urefu wa mita 7 utavuma katika hezi 25, kisha katika mara mbili yake, hezi 50. Upana utavuma katika hezi 58. Kimo kitavuma katika hezi 50, yaani pale pale ulipovuma urefu. Mivumo miwili imekutana mahali pamoja, na jirani yao wa hezi 58 hayuko mbali. Mwenye chumba hiki atanunua sabufa ya aina yoyote na kila mpiga besi atamsikia akipiga noti moja nene. Akiibadilisha kwa nyingine ya bei mara tatu atasikia noti ile ile, ikiwa safi zaidi.

Kuta nazo zina neno lake. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa hurudisha besi chumbani karibu yote, na chumba huvuma kwa muda mrefu. Dari ya jipsam hutikisika na kula sehemu ya sauti hizo za chini, jambo ambalo kwa msikilizaji ni la heri. Banda la makuti lililo wazi pande mbili halina mvumo wa kutaja, lakini pia halishiki kitu, na boksi lililotikisa sebule huko litasikika kama limechoka. Majengo ya Michenzani yana zege, na zege hupeleka mdundo kwa jirani wa juu na wa chini bila kumpelekea mazungumzo, kwa hiyo yeye hupata nusu mbaya ya filamu.

Pamoja na hayo kuna desturi ya kupanga makochi ukutani kuzunguka sebule nzima. Ukutani ndipo mivumo yote hufikia kilele. Aliyeegemea ukuta husikia besi iliyovimba, na mtoto aliyekaa kwenye mkeka katikati ya chumba kile cha mita 7 hupoteza hezi 25 karibu kabisa huku akizidishiwa hezi 50. Tofauti kati ya nafasi mbili katika chumba kimoja huweza kufika desibeli 10 hadi 20 katika masafa ya chini. Likumbukwe lile la mwanzo, kwamba desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Kusogeza kochi nusu mita kutoka ukutani huweza kubadilisha zaidi ya kubadilisha boksi.

Sasa fikiria jaribio la dukani. Duka liko wazi kwa mbele, besi inatoka na kwenda barabarani, sabufa imepangwa juu ya nyingine tatu, nawe umesimama. Hakuna hata moja katika hayo litakalokuwapo nyumbani. Anayenunua Chake Chake kifaa kilichovushwa na meli hana pia nafasi ya kukirudisha kwa sababu tu kimevuma.

Kwa hiyo sabufa inunuliwe kwa uwezo, kisha iwekwe kwa sikio. Uwezo ni kuuliza inashuka hadi hezi ngapi, kwa desibeli ngapi, kabla haijaanza kuharibu sauti. Kadiri inavyoshuka, kazi huongezeka kwa kasi: ili kutoa sauti ile ile katika hezi 20 badala ya 40, koni, yaani ule uso wa duara wa spika unaotikisika, inabidi isukume hewa mara nne zaidi. Koni ya inchi 12 ina eneo mara nne ya koni ya inchi 6, na hiyo ndiyo sababu vijiboksi vidogo vinavyodai hezi 20 havistahiki kusadikiwa. Kipimo kinachofaa hapa ni cha kiwango cha CTA-2010, kinachopandisha sauti kwa vipande vifupi mpaka uharibifu upite kikomo. Kina mtego mmoja: wengine huandika matokeo kwa kilele katika mita 1, na wengine kwa wastani katika mita 2, na kati ya namna hizo mbili kuna tofauti ya desibeli 9 kwa kifaa kile kile. Usilinganishe karatasi mbili kabla ya kuhakikisha zimetumia namna moja.

Boksi lililofungwa na boksi lenye tundu hutofautiana katika mwisho wa chini. Lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi karibu na masafa ya tundu lake, kisha huanguka ghafla. Lililofungwa huanguka polepole. Chumba kidogo chenye kuta nene husaidia masafa ya chini kabisa, na humo lililofungwa linatosha mara nyingi. Kwa ukumbi mkubwa au mahali pa wazi ningechukua lenye tundu bila kusita.

Ile kauli kwamba koni kubwa ni "nzito na ya polepole" haina msingi. Noti ya hezi 50 ni mitikisiko 50 kwa sekunde iwe koni ni ndogo au kubwa. Kinachosikika kama uvivu ni chumba kuendelea kuvuma baada ya noti kwisha.

Kuhusu mahali pa kuiweka, watu hupenda kona, na kona kweli huongeza sauti, lakini huamsha mivumo yote kwa pamoja. Njia ya kale na ya bure ni hii: iweke sabufa juu ya kochi unalokalia, au mahali pake ukiliondoa, piga muziki wenye besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa ukutani ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa uzito unaokaribiana ndipo pa kuiweka sabufa, kwa sababu njia ya sauti kutoka hapa kwenda kule ni sawa na ya kutoka kule kuja hapa. Familia itacheka. Todd Welti wa Harman alionyesha mwaka 2002 kwamba sabufa mbili, kila moja katikati ya ukuta unaokabiliana na mwenzake, hulainisha tofauti kati ya viti vizuri kuliko moja, na kwamba zaidi ya nne faida ni ndogo. Mwenye bajeti ya sabufa moja kubwa na wasikilizaji sita angefikiria mbili za wastani.

Mwenye kutaka uhakika apate maikrofoni ya USB iliyokuja na faili lake la usahihishaji, pamoja na programu ya bure ya kupimia sauti ya chumba iitwayo Room EQ Wizard. Maikrofoni ya simu imeundwa kwa mazungumzo, na nyingi hupunguza masafa ya chini kabisa, kwa hiyo kwa hezi 30 haifai. Usahihishaji wa ndani ya resiva unaweza kupunguza kilele cha hezi 50. Hauwezi kujaza bonde, kwa kuwa nguvu yote inayopelekwa huko hujifuta yenyewe, na amplifaya inachemka bure.

Lipo pia suala la usiku. Sikio hupoteza besi haraka sauti ikishushwa: ili hezi 50 zisikike sawa na hezi 1,000 zilizo katika desibeli 40, zinahitaji karibu desibeli 78. Filamu iliyokuwa na uwiano mzuri mchana itasikika nyembamba saa tano za usiku wakati watoto wamelala, na hilo si hitilafu ya kifaa. Resiva nyingi zina kitufe cha kufidia upungufu huo. Ni bora kuliko kuipandisha sabufa kwa mkono usiku na kuisahau hapo mpaka asubuhi.

Jambo moja halionekani kwa sikio wala kwa grafu siku ya kununua. Pete inayoizunguka koni huwa ya mpira au ya sponji, na sponji nyingi huoza kwa joto na unyevunyevu, vitu viwili tulivyojaliwa kwa wingi. Ondoa kitambaa cha mbele uitazame. Kati ya spika mbili zinazokaribiana kwa vipimo, yenye mpira ndiyo ya kwetu.

Mengine yanabaki kwa ladha, na ladha ina nafasi yake halali. Watu hutofautiana katika kiasi cha besi wanachokipenda zaidi ya wanavyotofautiana katika jambo jingine lolote la sauti, na rekodi zenyewe hazikufanywa kwa kipimo kimoja. Mkishamaliza kuipanga sabufa, ipandisheni au ishusheni desibeli 2 au 3 mpaka nyumba iridhike. Kwa santuri za Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, mnaweza kuizima kabisa: ndani yake hamna hezi 30 za kutafutwa, na boksi likidunda, linadunda la kwake.